Ukuta wa Katikati

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye vijisenti alipotaka kujenga fremu za maduka, nilikuwa fundi sanifu katika ofisi ya ujenzi pale Tukuyu. Nilikuwa mgeni, nimetokea Kondoa, na mvua ya Rungwe nilikuwa bado nagombana nayo. Nakiri nilikuwa mdadisi kupita kiasi. Mtu akinikaribisha chai, mimi naangalia dari yake.

Siku moja bosi wangu akanipa faili la nyumba iliyokuwa karibu na soko. Ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi wakati wa mkoloni: tofali za kuchoma, bati nene la zamani, baraza ndefu yenye nguzo za mbao. Alipohama alimuuzia mkulima mmoja wa kahawa kutoka Mpuguso, ambaye sasa alikuwa mzee. Mtoto wa mzee huyo, muuza mitumba wa Mbeya, alitaka ibomolewe ajenge ghorofa.

"Kaangalie kilichobaki cha asili," bosi akaniambia. "Kama wameshaibadilisha yote, hakuna cha kuhifadhi. Waruhusu wabomoe."

Upande mmoja wa nyumba aliishi mzee. Upande wa pili aliishi mkamwana wake, mjane wa mtoto wake wa kwanza, mama wa makamo aliyeshona sare za shule. Huyu ndiye aliyenipokea, tepu ikiwa shingoni.

"Wakibomoa, mdogo wangu, mimi nabeba cherehani narudi kwetu Suma," alisema. "Na huko shambani nitamshonea nani? Migomba?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Palepale moyo wangu ukawa upande wake, jambo ambalo fundi sanifu hatakiwi kulifanya kabla hajafungua futi yake.

Nikapima. Nyumba ilikuwa imechezewa kweli. Dirisha la mbele lilikuwa limegeuzwa mlango wa pili. Sakafu ya mbao ilikuwa imeng'olewa, pakamwagwa saruji. Kilichonisumbua zaidi ni ukuta uliopita katikati ya nyumba, tangu barazani hadi uani. Ulikata ukumbi vipande viwili na kuziba nusu ya dirisha zuri la nyuma. Uani uliendelea kama ua wa mianzi, na ukagawa hata njia ya bombani. Usawa wa kiuno ulikuwa na tundu lenye vijimlango viwili, kimoja kila upande, mfano wa kabati dogo.

Nilirudi kuutazama mara tatu. Ukuta haukubeba paa, haukuzuia upepo wala maji. Nilimuuliza mjane ulijengwa kwa ajili gani, akasema, "Ni wa mzee huo," akainama kwenye mashine akakanyaga kwa nguvu. Nikaamua fundi aliyeujenga alikuwa amelewa.

Ripoti yangu niliipenda sana. Niliandika kwamba nyumba bado inafaa kuhifadhiwa, sharti yaliyoongezwa yaondolewe, na la kwanza kuondolewa liwe ule ukuta. Dirisha litafunguka, ukumbi utarudi kama ulivyokuwa, na mjane atabaki na cherehani yake. Nilijiona nimewaokoa wote kwa karatasi mbili.

Nikawaita waje kusikiliza. Kijana wa Mbeya alifika, akakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mjane alikuwa pale pale kwake. Mimi, kwa heshima zangu zote za Kondoa, nikaenda mwenyewe upande wa pili kumwita mzee.

"Shikamoo baba. Tunakusubiri kwa mama hapo."

"Kwa nani?"

"Hapo upande wa pili, baba. Wote wapo."

Akachukua fimbo yake, akanifuata. Labda alidhani nimeshapanga mambo, kwamba mtu wa serikali hawezi kukosa kujua jambo kama hilo. Tulipofika barazani akakohoa kwa nguvu. Ndani nikasikia kiti kinaanguka. Nilipochungulia, mjane alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima na mguu mmoja umeshavuka dirisha. Mama mtu mzima yule aliruka nje kwenye mvua, tepu yake ikabaki imening'inia kwenye kitasa. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ametupa mgongo, anatazama barabara.

Niliingia nikainua kiti kilichoanguka.

"Nilisahau kukuambia, dada," kijana akaniambia. "Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Lakini hayo ni mambo ya zamani."

Mzee aliingia taratibu baada ya kuhakikisha mjane hayumo, akaketi.

"Gwe mwanangu," akaniambia, "huo ukuta nilijenga mimi kwa mikono yangu, wiki ile mwanangu alipooa. Mwanangu akafa. Watu wakasema huyu mwanamke arudi kwao, mtakwepanaje humu ndani bila mume wake? Nikasema ukuta upo. Mpaka leo ananipikia. Anaweka sahani humo tunduni, anafunga, anagonga. Mimi nafungua kwangu. Ukiutoa, hujanisogezea mtu. Umenifukuzia."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Hiyo ghorofa yako ina ngazi ngapi?"

"Moja, baba."

"Basi. Tutakutana kwenye ngazi." Akainuka. "Nyumba isimame mpaka mnizike. Mkishanizika, mumuulize yeye."

Kijana alibisha kidogo, akanuna, jioni akapanda gari la Mbeya. Mimi niliichana ripoti yangu. Katika ile mpya niliandika kwamba ukuta wa katikati usiguswe, na bosi akanicheka wiki nzima kwa kuhifadhi tofali za juzi na kuacha kulilia sakafu ya mkoloni.

Nilimpelekea mjane habari mwenyewe. Nilimkuta anaanika kanga yake kwenye ua wa mianzi. Alisikiliza, akanishukuru kwa lugha yao, "Ndaga fijo," akafuta macho kwa kiganja. Halafu akasogea karibu na kushusha sauti, maana mzee alikuwa ng'ambo ya ukuta.

"Wewe umemwona," akasema. "Amezeeka?"

"Sana, dada. Nywele zote nyeupe."

"Na meno?"

Nikakumbuka mdomo wa mzee alipokuwa akiongea. "Mbele yapo mawili. Mengine sikuyaona."

Alishika kiuno, akatazama lile tundu.

"Kumbe ndiyo maana nyama inarudi," akasema. "Miaka yote hii nadhani nimemkosea."