Mbao Alizokata Kaka Yangu

Nilijua kuna kitu kimeharibika nyumbani kabla sijainua macho kutazama dari. Nilijua kwa sababu ya kiti cha mama. Kiti hicho kiko sebuleni chini ya dirisha, kimetandikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na tangu baba afariki hakuna mwingine anayekikalia. Siku hiyo kilikuwa kitupu. Mama alikuwa jikoni, amejikunyata kwenye kigoda karibu na moshi, akinywa chai yake hapo.

"Mama, mbona uko huku?"

"Ni baridi tu."

Nje jua la Tongaren lilikuwa linachoma mabati mpaka yanalia. Baridi gani hiyo?

Mimi nauza mbao Kitale. Nimeziuza kwa muda mrefu kiasi kwamba nikiingia nyumba ya mtu macho yangu hukimbilia juu kabla sijasalimia. Basi nikaenda sebuleni, nikatazama, na hasira ikanipanda. Silingi, ile dari ya baba pale sebuleni, ilikuwa imetolewa yote. Hilo si neno. Lakini zile mbao ndefu zilizokuwa zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, mbao ambazo baba alizichagua mwenyewe, zilikuwa zimekatwa. Vipande vyake vilikuwa vimepangwa nje ya mlango wa jikoni, tayari kwa kuni.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeachiwa boma, alikuwa anangoja wageni. Binti yake ameposwa, na wakwe walikuwa waje kuzungumza mahari. Akaona silingi ya zamani iko chini sana, itamwaibisha. Alitaka dari ya jipsamu iliyoinuka katikati, yenye taa za rangi pembeni, kama aliyoiona kwa rafiki yake Bungoma mjini. Sikumkasirikia kwa hilo. Kila mtu ana haki ya kutaka nyumba nzuri. Nilimkasirikia kwa sababu ana dada wa tumbo moja anayeamka na mbao na kulala na mbao, na hakunipigia simu hata ya kuuliza.

Fundi aliyemleta ni fundi wa jipsamu, na sina ubishi na jipsamu yake. Kosa lake ni kwamba alizitazama zile mbao akiwa chini, akaamua kwamba zinashikilia silingi tu. Kwa kuwa silingi inatoka, nazo zitoke. Akachukua msumeno.

Ndiyo, zinashikilia silingi. Lakini kazi yake kubwa ni kushika miguu ya paa. Paa limekaa juu ya nyumba kama mtu aliyetanua miguu kwenye matope. Ukimfunga kamba kwenye vifundo, atasimama. Ukiikata kamba, miguu inazidi kwenda huku na huku, na kinachosukumwa ni ukuta. Sisemi hazikatwi. Watu wanazibadilisha kila siku, wanainua dari zao na wanalala salama. Lakini kwanza unashusha kila mzigo ulio juu. Unasimamisha nguzo. Unaweka mbao mpya ya kufunga kabla hujaigusa ya zamani, unakata moja, unatazama, ndipo unaigeukia nyingine.

Na mzigo ulikuwepo! Juu ya korido, upande wa jikoni, ambako dari haikuguswa, ndipo mama anapoweka magunia yake ya mahindi kila baada ya mavuno, kwa sababu moshi unapita hapo na wadudu hawayagusi. Msumeno ulipita kando ya uzito wote huo, na hakuna aliyefikiria kushusha hata gunia.

Nikatembea nyumba nzima. Mlango wa chumba cha mama, ambao tangu utoto wetu ulifunguka kwa kusukumwa na kidole, sasa ulikwaruza sakafu. Ufa mpya ulianzia kwenye kona ya dirisha la sebuleni ukapanda hadi juu, pale pale mama anapoegemeza kichwa akikaa kitini. Hapo nikaielewa ile baridi yake. Mama alikuwa anaogopa kukaa kwenye kiti chake, ndani ya nyumba yake, na aliona aibu kumwambia mwanawe.

Nilimkuta kaka nyuma ya ghala.

"Nani amekata mbao za mzee?"

"Fundi. Kwani iko shida?"

"Iko shida? Ukuta inatoka nje! Hujaona ule ufa?"

"Hiyo ni plasta, bana. Fundi amesema ati jipsamu ikiingia itafunikwa."

"Na mama, utamfunika pia? Anakaa wapi siku hizi?"

"Mama ni mzee, anapenda moto."

Nilitaka kumrukia. Nikajizuia, nikamwambia alete ngazi nipande nione kilichobaki. Uso wake ukabadilika.

"Wewe? Mwanamke apande juu ya nyumba ya mzee? Unataka kutuletea laana wageni wakiwa njiani? Na si wewe umeolewa? Boma yako iko Kitale."

Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba. Nimelelewa na mwiko huo na nimeuheshimu. Hata kwenye yadi yangu ya mbao kazi za paani huzifanya wanaume. Lakini kuuona unatolewa mfukoni ili ufiche ujinga wa msumeno, hapo sikuvumilia.

"Basi panda wewe."

Kaka yangu anaogopa ngazi tangu akiwa mdogo, na kila mtu nyumbani anajua, ingawa hakuna anayesema.

"Fundi atarudi," akasema, akachukua pikipiki yake akaenda sokoni.

Nilirudi jikoni nikamwambia mama afunge nguo zake, tunaenda Kitale. Akaweka kikombe chini.

"Mimi siwezi hamishwa kwa nyumba yangu na msumeno."

"Mama, ukuta unaweza kuanguka."

"Si wewe unauza mbao? Tengeneza."

"Kaka amekataa nisipande. Anasema ni mwiko."

Mama akacheka kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Mwiko ni mabati kule juu, si dari. Na haya mahindi mnakula kila mwaka, mnafikiri yanapandaga yenyewe? Baba yenu akiwa kazini, nani alikuwa anabeba? Mimi na mgongo yangu. Nilipanda kwa hiyo dari nikiwa na mimba ya huyo kaka yako. Leta ngazi."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeishika ngazi. Wifi yangu, mke wa kaka, alisikia yote akiwa mlangoni. Alifunga leso kiunoni, akapanda nyuma yangu. Tulianza na mahindi, gunia kwa gunia, tukiyashusha kwa kamba hadi korido ikajaa na nywele zetu zikawa nyeupe kwa vumbi. Nikapiga simu yadini waniletee nguzo za mkaratusi, mbao za siksi kwa tu, yaani inchi sita kwa mbili, zilizokauka vizuri, na bolti. Misumari nilikataa. Kitu kinachovutwa kila siku hakifungwi kwa msumari.

Tulisimamisha nguzo juu ya vipande vya mbao ili zisitoboe sakafu, tukazikaza pole pole kwa kabari hadi paa likatua juu yake. Kisha tukarudisha mbao za kufunga pale pale zilipokatwa zile za baba, mbili mbili, moja kila upande wa mguu wa paa, nikitoboa na kukaza bolti hadi mikono ikaniuma. Ukuta haukurudi ulipokuwa, na sitadanganya kwamba ulirudi. Lakini uliacha kwenda. Niliweka kibandiko cha plasta ya simenti juu ya ufa, ambacho kingepasuka ukuta ukisogea, na siku zote nilizokaa pale hakikupasuka.

Kaka aliporudi alitazama juu, akatazama chini, akauliza jipsamu yake itainukaje sasa. Hakuuliza kingine. Nilimjibu kwamba dari yake itakaa chini kama ya baba, na kama anataka kuinuka apande ngazi.

Wageni walikuja. Mazungumzo ya mahari kwetu ni ya wanaume na wazee wachache, kwa hiyo mimi na wifi tulikuwa jikoni na sufuria. Fundi hakuwa amemaliza, mbao zangu zilikuwa wazi, zimepakwa vanishi tu. Nikamsikia kaka akiwaambia wakwe, kwa sauti ya mwenye mji, "Hizi mbao nimeamua ziachwe zionekane. Ndiyo staili ya kisasa." Niliushika mwiko wa ugali kama rungu. Wifi akanigusa mkono. Hata sasa nikikumbuka sauti ile, damu inachemka.

Mama alikuwa amesimama kati yetu na chai yake mkononi. Alipita koridoni hadi sebuleni katikati ya wanaume wale, akainua macho akatazama mbao zangu kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akaenda chini ya dirisha, akakaa kwenye kiti chake, na akaegemeza kichwa.