Mahali pa Kutua Mzigo, Matulo

Nilitumwa upande wa Bungoma kwa ajili ya matuta ya barabarani. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa karani wa utafiti wa barabara mjini Kitale. Watu wa miguu walikuwa wakigongwa na magari karibu na soko la Matulo, na ofisi ingeweza kuweka matuta mahali pamoja tu. Kazi yangu ilikuwa kutazama watu wakivuka, kisha kuandika mahali hapo pawe wapi. Nikikosea, wangeendelea kuumia.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Kitale kwa pikapu ya ofisi, mimi na dereva Wekesa, miguuni chupa ya chai iliyojaa maziwa ya Endebess. Tulipopita Kiminini, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, yakimetameta kwa umande. Tulipokaribia Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ikaingia dirishani. Wekesa akaivuta kama mtu anayenusa mchuzi wa mamake. "Sasa tumefika nyumbani, bana!"

Saa sita mchana nilikuwa Matulo na daftari langu. Mbele ya lango la shule barabara ilikuwa tambarare, gari linaonekana tangu mbali. Nikaandika: matuta yawe hapa. Lakini akina mama wenye mizigo walipapita, wakateremka hadi kwenye kona mbaya, wakavukia huko. Nikaongeza: "Hawajui usalama. Wafundishwe." Sentensi hiyo naionea aibu hadi leo.

Tulilala kwa dadake Wekesa, Mama Nafula, muuza ndizi. Alichechemea. Gari lilikuwa limemvunja mguu kwenye kona ileile.

Jumanne asubuhi nilimsindikiza sokoni, mkungu wa ndizi kichwani mwake, nikimweleza kwa upole: kabla ya kuvuka tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Na shingo nitatoa wapi, mwalimu?" akauliza. Aliniita mwalimu kwa sababu ya daftari. "Hebu kuja hapa."

Akanitwika mkungu. Nilipojaribu kutazama kulia, mwili wote ukazunguka, mkungu ukayumba, nikapepesuka hadi mtaroni. Wanawake wenye mizigo njiani wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti:

"Oneni mtu wa ofisi! Si anakata kona kama lori ya miwa!"

Tulipofika kwenye kona alinionyesha ukingo wa udongo ulioachwa barabara ilipochimbwa, kimo cha bega. Akausogelea kinyumenyume, akautua mzigo juu yake, akageuza shingo huku na huku, kisha akaingiza kichwa tena chini ya mkungu bila msaada wa mtu.

"Pale kwa shule ukitua, nani atakutwika?" akasema. "Si utangoja mpaka jioni?"

"Lakini hapa gari linatokea ghafla, mama."

"Najua. Mguu wangu pia unajua."

Nikakaa pale pale ukingoni, nikaifuta ile sentensi yangu.

Jumatano, mjini Bungoma, nilimpelekea mhandisi wa barabara pendekezo jipya: matuta langoni pa shule, na hapo hapo, kila upande wa barabara, kibaraza cha mawe, kimo cha bega.

"Matuta naelewa," akasema. "Kibaraza ni cha nini? Ati wapumzike?"

Nikaomba radhi, nikamwekea sanduku la mafaili kichwani. "Sasa tazama kulia, bwana."

Akazunguka mwili mzima, mikono juu sandukuni. Kisha akaomba kalamu.

Alhamisi tulirudi Kitale, tukila ndizi za Mama Nafula.

Miaka ya tisini nilipita Matulo tena. Matuta yalikuwa yamelika, lakini vibaraza vilikuwepo, mawe yake yameng'arishwa na mikungu ya miaka mingi. Mama mmoja mwenye mvi alikuja akichechemea, akatua mkungu kibarazani, akanyosha mgongo. Akatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, akaniona nikisubiri ng'ambo.

"Mwalimu!" akaniita. "Mbona umesimama tu? Kuja unitwike, leo nina mtu!"

Nikatazama pande zote, nikavuka kwenda kumtwika.