Mpishi Aliyegoma Ndani ya Mifupa

Haya jamani, sogeeni! Wewe wa mlangoni, ingia au toka, maana ukisikia nusu utakwenda kuiharibu stori, na kuharibu stori hapa mtaani ni kazi yangu mimi.

Mke wangu aliishiwa damu. Viganja vilikuwa vyeupe, ungedhani ametoka kukanda unga. Uvimbe kwenye kizazi ulikuwa unamtoa damu kila mwezi, na daktari akasema wazi: "Mama, lazima tuutoe. Ila kwa damu hii sikupasui. Nendeni mkaipandishe kwanza."

Akampa vidonge vya madini ya chuma. Nikarudi nyumbani Cheyo nimejipa cheo cha mpishi mkuu. Maini nilinunua mpaka ng'ombe wa Nzega wakiniona wanabadilisha njia. Na kila mlo, kila kidonge, nilisindikiza kwa chai ya rangi, ile nyeusi inayosimamisha kijiko, na asali ya Ipole ndani. Kwetu mgonjwa asiponyweshwa chai, majirani wanasema mume amemchoka.

Tukaenda kupima. Damu ipo palepale. Mwezi mwingine, palepale. Hapo utani ulinikauka. Kutoka jikoni hadi chooni kule uani mke wangu alikuwa anapumzika mara tatu, na mimi nageukia ukuta asinione uso.

Binti yetu anafundisha baiolojia sekondari, Kaliua. Akaja na treni. Hata begi hajatua, ananikuta namkorogea mama yake chai.

"Shikamoo baba. Hivyo vidonge unampa na nini?"

"Marahaba. Na dawa yenyewe hii hapa, mwanangu."

Akajishika kichwa. "Baba! Chai inayakamata madini ya chuma tumboni, hayapiti!"

"Sawa, lakini maini je? Maini kilo na kilo!"

"Nayo si unayashushia na chai hiyohiyo?" Akakaa chini. "Baba, damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Kila chembe changa ya damu ina kama mpishi wake. Kazi yake kupika protini, na protini hiyo lazima ikutane na chuma ndiyo iwe damu nyekundu. Sasa chuma kikipungua, kuna mlinzi anaamka mlemle ndani, anamshika mpishi mkono: usianze. Sufuria iliyokwishaanza mpishi anaimalizia, ila mpya habandiki."

"Kwa nini asipike tu, chuma kitakuja mbele ya safari?"

"Protini ikikosa chuma inaganda ovyo, inaiumiza chembe yenyewe."

Nikaacha kukoroga. Na mimi kuacha ubishi, jamani, mara ya mwisho ilikuwa nikiwa tumboni mwa mama.

Nilimkumbuka huyo mama. Jikoni kwake unga unakaa kwenye ungo, maji yanachemka, sisi tunalia njaa, na yeye hasongi ugali mpaka aonje mboga ya kunde aone imeiva. "Ugali unaosubiri mboga unakuwa jiwe," alikuwa anasema, "na sufuria mtaosha nyie." Nilidhani ni roho mbaya. Kumbe kitu kidogo kisichoonekana, ndani ya mfupa wa mke wangu, kina busara ileile ya mama yangu. Hakikuwa kimegoma. Kilikuwa kimekaa na unga wake kinangoja mboga, na mimi mwenye kichwa kikubwa kama mtungi nilikuwa mlangoni naizuia mboga isiingie, kwa mapenzi yote niliyonayo. Mambo mengi niliyowahi kuyaita ukaidi, siku hizi nayaangalia mara mbili.

Binti akanipokonya birika. Vidonge vikaanza kumezwa na maji ya machungwa, na chai ikafukuzwa mezani. Mimi nikatumwa kukaa uani. Taratibu, mke wangu akawa anafika chooni bila kusimama. Siku moja akanipita mbio, nikajua mambo yamekaa sawa.

Tukarudi hospitali. Daktari akatazama karatasi, akamtazama mgonjwa, akarudia karatasi.

"Mama, imepanda! Sasa tunaweza kukupasua. Mmefanyaje safari hii?"

Nikakohoa, nikakaza shati, nianze kueleza maini yangu. Mke wangu akaniwahi:

"Nimemfukuza kazi huyu mpishi wa nje, daktari. Wa ndani wakasonga wenyewe!"