Kiangazi Tulichomwombea Harlan

Orpha Tveit aliwapikia watoto wa shule ya Nordahl miaka mingi sana, hata nusu ya wakulima wa viazisukari wa wilaya yetu, wenye mvi na matrekta yao, bado wanaogopa kubakisha chakula mbele yake. Alikuwa mfupi, na uso wake mkavu haukuonyesha kitu. Nyuma ya uso huo alificha utundu ambao hata mumewe, Selmer, ulimchukua muda kuugundua. Mimi nilimwona kuliko wengine kwa sababu ndimi mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri, na juu ya kinanda kuna kioo nilichowekewa ili nimwone mchungaji. Mchungaji namwona kidogo tu. Waumini nawaona wote.

Selmer alifariki Februari. Tulimfanyia yote anayostahili marehemu: nyimbo, mikate ya nyama ya nguruwe kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, na kahawa yetu nyepesi inayoonyesha kitako cha kikombe. Watu walimiminika kwa mjane na vyombo vya chakula, kisha wakakoma, na jina la Selmer nalo likakoma. Kwetu ndivyo tulivyo. Kumtajia mjane mumewe ni kumtonesha kidonda, kwa hiyo tunamwambia habari za mvua. Hata Ardis Kvamme, dada wa Selmer wa tumbo moja, alipokutana na wifi yake dukani alizungumzia mvua tu, akalipia maziwa, akaenda zake. Orpha alikuwa anakufa kwa upweke, nalisema wazi, na hakuna aliyemuuliza hali, maana kwetu kuuliza sana ni umbea.

Kilichomkalia kooni zaidi ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi jioni yeye na Selmer walikuwa wakitazama mchezo wa mawakili kwenye televisheni, uitwao Ghorofa ya Tisa. Selmer alikuwa upande wa Harlan Pruett, wakili wa utetezi anayewafokea majaji huku tai imekwenda kombo. Orpha alikuwa upande wa Delphine Roark, mwendesha mashtaka mwenye moyo wa jiwe na viatu vyekundu. Kwa ajili ya hao wawili walibishana mpaka wakanuniana, wakapatana wakati wa kula keki. Sasa Orpha alitazama peke yake, na hakuna raha ya kumtetea Roark kama hakuna anayemtukana.

Halafu mchezo wenyewe ulikuwa marufuku. Wakati wa Kwaresima Mchungaji Sorben alipanda mimbarani akaunguruma kwamba mawakili wale hawana ndoa wala haya, na Mkristo anayewatazama anakaribisha uchafu sebuleni. Tulitikisa vichwa kukubali. Alhamisi iliyofuata Nordahl nzima ilishusha mapazia, na nyuma ya kila pazia ukawaka mwanga wa buluu. Ndiyo, na langu lilishuka. Nilitaka kujua kesi ya mirathi imeishaje.

Basi mwezi wa Mei, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko ya kiangazi, Harlan akapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama. Akaanguka, karatasi zikapeperuka, mchezo ukaisha. Kuendelea, Septemba.

Jumapili ile mchungaji akauliza kama kawaida, "Nani mwingine tumwombee?" Hapo watu hutaja majina ya wagonjwa wao kwa sauti. Orpha hakuwahi kufungua mdomo kwenye maombi tangu alipobatizwa. Siku hiyo akasimama.

"Harlan," alisema. "Yuko Chicago. Kapigwa risasi."

Kwenye kioo changu niliona vichwa vyote vikiinuka kwa mpigo, kisha vikainama haraka. Kila mtu alimjua Harlan. Na kila mtu aliona papo hapo kwamba akifungua mdomo kusema anamjua, amejianika mwenyewe.

Mchungaji alikohoa. "Ni ndugu yenu, Bi Orpha?"

"Ni mtu aliyependwa sana na Selmer."

"Ahaa. Basi tumwombee Harlan."

Tukamwombea. Nilivyomjua Orpha, nadhani aliposimama alikuwa amehuzunika kweli, na alipokaa tayari alikuwa anacheka moyoni.

Kwetu ukishaombewa, chakula kinakufuata utake usitake. Alhamisi Ardis akawa wa kwanza mlangoni, na sinia la nyama ya kusaga lililofunikwa viazi vya kukaanga.

"Nimekuletea kidogo, wifi."

"Ah, usingejisumbua."

"Si kitu."

"Hapana, rudi nacho, mtakula nyumbani."

"Chukua bwana, au nimpe mbwa?"

Hapo ndipo unapopokea, kukataa mara ya tatu ni matusi. Ardis akaketi, akazungusha kikombe. "Na mgonjwa je?"

"Risasi bado imo," alisema Orpha. "Karibu na ini."

Ardis akaachama. Alikuwa ameona kwa macho yake mawili risasi ikiingia begani. "Ini?" alisema kwa uchungu.

"Ini, wifi. Nikuongeze kahawa?"

Tangu siku hiyo kila Jumapili tulipewa taarifa. Juni Harlan alikuwa na homa. Julai alifumbua jicho moja, la kushoto. Agosti aliomba samaki wa siki, na benchi zima la nyuma likaguna, kwa sababu Harlan yule tunayemjua hawezi kugusa samaki. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Wengine walianza kuamini kwamba Orpha ana jamaa yake huko wanakotengeneza mchezo, wakazidisha vyakula. Kila Alhamisi nyumba yake ilijaa watu na jeli ya kijani yenye karoti, ile tunayoibeba kila tuendako, wote wakimzunguka wakitega sikio, wote wakijitia hamnazo.

Siku moja nilimrudisha nyumbani kwa gari. Utundu ulikuwa umemtoka usoni.

"Akifa, wataacha kuja," aliniambia. "Akipona, pia wataacha kuja."

"Mwache hapo hapo katikati basi."

"Shoga, mchezo siuandiki mimi. Septemba inakuja."

Na ikaja. Harlan alikufa kabla hata ya tangazo la kwanza, ameshikwa mkono na nesi tusiyemjua. Nililia nyuma ya pazia langu, na nina hakika sikulia peke yangu.

Jumapili mchungaji akauliza kwa upole, "Bi Orpha, Harlan anaendeleaje?"

Orpha alisimama polepole, ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Safari hii uso haukuwa mkavu.

"Amefariki," alisema. "Alhamisi." Machozi yakamtiririka, ya kweli kabisa.

Ghafla Ardis akaruka kama aliyekalia sindano. "Na yule Roark hakutia hata mguu hospitali! Hata mguu!"

Orpha akageuka. "Roark alikuwa anamtafuta muuaji, wifi!"

"Muuaji ni yeye mwenyewe! Na viatu vyake vile vya kishetani!"

"Mnamsingizia," akadakia mkulima mmoja kutoka nyuma. "Ni karani wa mahakama aliyefyatua."

"Karani alikuwa kwenye lifti, jamani!" Sauti hiyo ilitoka mimbarani. Mchungaji Sorben akaziba mdomo, amechelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Nilicheka mpaka kiwiko kikaangukia kinanda, kikanguruma kanisa zima. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, wazee wakafuta macho, na kwa mara ya kwanza nilisikia Walutheri wakipiga kelele ndani ya ibada bila nyumba kuungua. Orpha peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa, anakunja leso, kama anayesubiri wote tuondoke.

Ardis akatoka kwenye benchi lake, akavuka katikati ya kanisa mbele ya watu wote, akaketi karibu na wifi yake.

"Wifi," alisema. "Kaka yangu alikuwa upande wa nani?"

"Harlan. Alikuwa wa Harlan mpaka mwisho. Hata kitandani hospitali, pumzi hana, alinibishia."

"Selmer mbishi yule," alisema Ardis. "Selmer wangu mbishi. Hebu niambie alisemaje."

Orpha akaacha kukunja leso. "Miezi yote hii unakuja kwangu, Ardis, na hujamtaja hata siku moja."

"Nilikuwa naogopa kukutoa machozi. Kila Alhamisi nilikuja na sinia langu nikijiambia, leo labda wifi ataanza kumtaja."

Mchungaji alinitazama kupitia kioo, anauliza kwa nyusi kama tuanze wimbo. Nikamtikisia kichwa kwamba bado, nikaiondoa mikono yangu kwenye kinanda, na Orpha akaanza kumsimulia.