Punje Zinazogusana

Niseme wazi mapema: mimi Gulbanu Rahemtulla ni mtu wa hasira. Marehemu mume wangu alikuwa akisema wateja wanakuja dukani kwetu hapa Masoko kwa sababu mashine nyingine ya kutoa kopi iko mbali, si kwa sababu ya uso wangu. Basi Monika alipokuja kuniomba meza ya chumba cha nyuma, miaka miwili na zaidi iliyopita, nilimkatalia kabla hajamaliza kueleza haja yake.

"Shikamoo mama. Nimesikia mtandao wako haukatiki."

"Marahaba. Haukatiki kwa sababu siwapi watu."

Hakuondoka. Mashine ilikuwa imemeza karatasi tangu asubuhi na mimi nimeshaitukana nimechoka. Akaifungua, akazitoa, akanawa wino, kisha akaomba tena kwa sauti ileile ya upole. Ndivyo alivyo. Baba yake, mzee Ignatius, analima ufuta na korosho kule Mitole, na huyu binti alifundisha baiolojia sekondari miaka sita ndipo akaomba ruhusa ya kusomea shahada ya uzamili. Chuo kiko Dar, lakini kazi yake ilikuwa ya kompyuta tupu, akaona abaki karibu na kwao. Nikampa meza.

Siku moja nikamuuliza anatazama nini kutwa nzima kwenye kioo kile. Akaniomba tasbihi yangu. Nusura nimfukuze.

"Siichezei, mama. Protini ni kamba ya punje kama hii. Kila punje ni amino asidi moja, na zina aina ishirini. Lakini kamba yenyewe haikai imenyooka." Akaikusanya taratibu ngumini. "Tazama, punje ya tano imeigusa ya themanini. Kwenye kamba ziko mbalimbali, humu ndani ni majirani. Mimi natafuta nani anamgusa nani, maana huko kugusana ndiko kunakoishikilia isifumuke."

Nikaelewa, mimi niliyeacha shule darasa la saba. Tangu hapo nikawa namuuliza kila siku, na chai ya saa nne tukawa tunainywa pamoja.

Protini yake ilikuwa ya kijidudu cha malaria. Hufanya kazi wawiliwawili, pacha walioshikana; ukiwaachanisha, kijidudu kinakufa. Kwa hiyo atakayejua wanashikana wapi, amewaonyesha watengeneza dawa pa kupiga. Wataalamu huko maabara huigandisha protini iwe fuwele, kama chembe ya chumvi, nakala nyingi zimepangwa zimebanana, kisha huipiga eksirei. Kompyuta inapima umbali kati ya punje na punje, na walio karibu inawaandika. Monika alibandika orodha yao ukutani kwangu, na katikati akazungushia wino mwekundu: punje ya 112 ya pacha mmoja, na punje ya 47 ya mwenzake. Hapo ndipo wanaposhikana, akasema. Tasnifu yake yote ilisimama juu ya punje mbili hizo.

Maabara moja ilikuwa na nafasi moja ya masomo ya uzamivu, na waombaji waliobaki walikuwa wawili. Wasahihishaji wa chuo pamoja na watu wa maabara hiyo wangemsikiliza Monika akiitetea tasnifu yake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwa video, palepale chumba cha nyuma. Mitole nzima ilijua. Mzee Ignatius aliisalisha jumuiya yote ya kanisani kwao, na siku hizo alikuwa akinipigia mimi simu kuniuliza kama umeme upo.

Alhamisi saa mbili nikampelekea chai mapema. Alikuwa anapanga karatasi zake na kuzipangua. Nikaona nimpigie soga apoe.

"Kwenye khitma ya mume wangu," nikamwambia, "sebule ilijaa, wanawake mkekani tumebanana bega kwa bega. Mmoja alikaa ameniegemea asubuhi mpaka alasiri. Nikasema huyu ni damu ya marehemu, ameguswa. Nikamlilia begani, nikampa shali ya mama mkwe wangu. Kumbe mpita njia, alikosa pa kukaa. Mkeka ulikuwa mdogo tu."

Nilitegemea acheke. Monika aliweka kikombe chini.

"Rudia, mama."

"Mkeka ulikuwa mdogo."

Akageukia ukuta, akaitazama ile alama nyekundu. Kisha akaanza kubonyeza. Aliniambia bila kunitazama kwamba protini ile imegandishwa mara saba na watu mbalimbali, kila mara kwa namna yake, na yeye alichukua ile yenye picha safi kuliko zote. Ndani ya faili hilo mlikuwa na nakala mbili, akadhani ndizo pacha. Hakuwahi kuuliza kama zimeshikana au zimebanwa tu humo kwenye fuwele, kama sisi mkekani.

Mafaili yale sita mengine yakaanza kushuka; mshikano wa kweli ungeonekana katika yote. Siku hiyo mtandao wangu, ule nilioringia, ulikuwa unakwenda kwa kujikongoja. La kwanza: 112 na 47 hawagusani. La pili, hawagusani, tena wako pande mbili tofauti. Saa tatu na robo, la nne. Nilifunga mlango wa duka, mteja akagonga, nikamwambia aende zake. Saa tatu na nusu yalikuwa yamekwisha yote sita, na hakuna hata moja walimogusana. Pacha wa kweli walishikana upande mwingine kabisa.

Monika akasema polepole, "Nimeandika miaka miwili juu ya mpita njia."

Nami sasa nitasema nililofanya, nisije nikajipamba. Nilimwambia anyamaze.

"Wamesoma kitabu chako, hawakuona kitu. Leo ndiyo uwaonyeshe wewe? Chukua nafasi yako kwanza. Utarekebisha ukishaingia."

"Watakwenda maabara kuipiga punje isiyohusika, mama. Mwaka mzima, pengine miwili."

"Na mwenzako akichukua kiti?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Hapo hasira ikanipanda. Nilimwona mzee Ignatius na jumuiya yake, nikamwona yeye amerudi kushika chaki kwa sababu ya hadithi yangu ya kijinga. Ulimi hauna mfupa. "Hapa ni dukani," nikamwambia, "si kanisani pa kuungama. Kama unataka kujizika, usijizikie kwangu."

 Aliufungua mlango akanisubiri nitoke.

Nilikaa mbele ya duka sikio likiwa nyuma. Saa nne ikapiga. Nikasikia salamu, nikasikia sauti yake, imenyooka, anasema: kabla sijaanza, sura ya nne na ya tano ni makosa, naomba niwaonyeshe kwa nini.  Kisha wakauliza maswali kwa saa nzima.

Alipotoka alikuwa ameshika kompyuta kwapani. Wa chuo walimpa miezi mitatu aandike upya sura mbili. Ile nafasi ya maabara haikuweza kusubiri miezi mitatu, alipewa mwenzake.

"Nilikwambia," nikasema. Mungu anisamehe, hilo ndilo neno lililonitoka.

Akabandua karatasi zake ukutani, akakunja waya, akanishukuru kwa meza na kwa mtandao, akapanda gari la Mitole mchana uleule. Shule ya kijijini kwao ilikuwa imekwishapata intaneti mwezi ule, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kurudi. Simu sikumpigia. Ningeanzia wapi?

Chumba cha nyuma nilikiacha kama kilivyo. Alama za gundi zimebaki ukutani. Saa nne ikifika nilijikuta nimetenga vikombe viwili, nakirudisha kimoja kabatini, namkaripia mteja wa kwanza atakayeingia. Nikawa najiambia ukweli wenyewe: yule mtoto alikaa karibu nami kwa kuwa chumba ni kidogo na mtandao upo. Nilishakosea hivyo mara moja, kwenye khitma.

Mwezi wa nne tangu siku ile, Jumamosi, akaingia. Viatu vyote vumbi jekundu, mkononi mfuko wa ufuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine ni nzima, mtandao haupo tangu jana. Umepoteza nauli yako."

"Sura mbili zimepita. Shahada nimepata." Akakaa kwenye kiti chake bila kungoja ruhusa. "Kiti cha uzamivu ndiyo basi tena mwaka huu. Jumatatu narudi darasani kufundisha."

 Nikamuuliza sasa amefuata nini huku Masoko, kama si mtandao na si meza.

"Sijafuata kitu," Monika akasema. "Saa nne hii."

Nikaenda kabatini kutoa kikombe cha pili.