Kiroba Nilichokipakata Siku ya Utamaduni

Mapaja yangu yote mawili bado ninayo, nashukuru Mungu. Siku ya utamaduni chuoni kwetu Bariadi, kiongozi wa wacheza ngoma kutoka Nkololo aliweka kiroba miguuni pangu, akaenda kuvaa njuga. Nikajua ni viazi, shukrani kwangu mimi mwalimu niliyewaalika. Wenzangu wasije wakakigombania, nikakipakata hotuba zote. Kilipojisogeza, nikajisemea viazi vinajipanga.

Ngoma ilipokolea, yule kiongozi akanifuata mbele ya umati.

“Mwalimu, wabeja, asante sana kwa kunishikia chatu wangu. Usiogope, asubuhi kala kuku wawili.”

Akamtoa. Mgeni rasmi akasimama kunipigia makofi. “Mwalimu jasiri kweli!”

Mdomo ukaniponza, na kipaza sauti kilikuwa karibu: “Sasa viazi vyangu viko wapi?”