Kioo cha Shangazi

Kila nikifungua chupa ya asali ya kwetu Tabora, harufu ya moshi ambao warina asali hufukuzia nyuki hunifikia kabla ya utamu, nami humkumbuka shangazi.

Utotoni nilikula mdomo wazi. Tukizunguka sinia, baba hunikaripia: "Fumba mdomo, huna adabu!" Nikiufumba, nakosa pumzi. Nyumba nzima iliamini ni mafua ya vumbi tu.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alitutembelea kutoka Tura. Aliniangalia nikila, akaacha tonge lake, akatoa kioo kidogo kwenye mkoba na kukiweka chini ya pua yangu. Ukungu ulitanda upande mmoja tu, nao hafifu.

"Kaka, mtoto ana adabu," alisema. "Pua ndiyo imeziba. Mpeleke hospitali."

Daktari alikuta ukuta wa ndani ya pua umepinda, tangu nilipoanguka nikiwa mdogo. Akaninyooshea kwa upasuaji.

Nilipopona, shangazi alinilambisha asali ile ile tuliyoila siku zote. Nikashtuka kwa harufu ya moshi.

"Shangazi, imeungua?"

"Haijaungua, mwanangu. Ndivyo inavyonukia."

Baba alinisogezea bakuli zima la asali.